Simu yajua uliko, lakini ni nani mwingine anayejua?

KABLA ya jua kuchomoza, mashua huanza kurejea moja baada ya nyingine katika ufuo wa Dunga, kilomita chache kusini mwa katikati ya jiji la Kisumu. Wachuuzi wa samaki, wengi wao wanawake, huwa tayari wamekusanyika na beseni zao wakisubiri kuona usiku umewaletea nini: mbuta, ngege au omena.

Zamani, aliyebaki nyumbani alijua tu kwamba mvuvi wake yuko ziwani. Siku hizi, ikiwa nahodha ana simu ya kisasa na mawasiliano yapo, mkewe anaweza kuona kwenye kioo cha simu yake nukta ndogo ikisogea majini kuelekea ufuoni.

Nukta hiyo yaweza kuokoa maisha. Makadirio ambayo yamenukuliwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani (WMO) ni kuwa kati ya watu 3,000 na 5,000 hufa kila mwaka katika Ziwa Victoria kutokana na ajali, nyingi zikiletwa na dhoruba na upepo mkali unaozuka ghafla.

Lakini nukta hiyo hiyo ikiangukia mikononi mwa mtu asiyestahili, inaweza kumwelekeza mwizi kwenye nyavu zilizotegwa, au kumwonyesha mume katili nyumba aliyokimbilia mkewe.

Wavuvi wameujua utata huu tangu jadi. Nahodha hamwambii kila mtu alikotega nyavu zake, kwa sababu wizi wa nyavu na injini za mashua ni kero ya miaka mingi ziwani. Hata hivyo, hutaka angalau mtu mmoja nchi kavu ajue alikoelekea, endapo hatarejea.

Kwa maneno mengine, habari ya mahali mtu alipo ni ya kupewa mmoja na kunyimwa mwingine, na mwenye kuamua ni yeye mwenyewe. Simu imevuruga mpango huo, kwani huitoa habari hiyo kwa watu asiowajua, na mara nyingi bila kumwarifu.

Ili kuelewa jinsi jambo hili linavyotokea, yafaa kutenganisha njia tatu ambazo watu wengi huzichanganya: minara ya mawasiliano, setilaiti, na programu zilizomo ndani ya simu. Kila njia ina mhusika wake, na si zote ambazo mwenye simu anaweza kuzifunga.

Mnara haukwepeki

Simu yoyote iliyowashwa, iwe ya bei ghali au ile ndogo yenye tochi ambayo Wakenya waliibatiza jina 'mulika mwizi', huwasiliana na mnara hata wakati mwenyewe hazungumzi na yeyote. Haina budi kufanya hivyo. Kampuni ya simu isipojua upande uliko, haiwezi kukufikishia simu unayopigiwa wala ujumbe mfupi unaotumiwa.

Kutokana na hilo, kampuni hubaki na kumbukumbu: laini fulani, saa fulani, mnara fulani. Kumbukumbu hizo huisaidia kutoza ada na kurekebisha mitambo yake. Lakini kwa kuwa sheria za Kenya hutaka kila laini isajiliwe kwa jina na kitambulisho cha mwenyewe, kumbukumbu ya mnara huwa pia kumbukumbu ya nyendo za mtu anayejulikana kwa jina.

Usahihi wa njia hii hutegemea wingi wa minara. Katikati ya Kisumu, ambako minara imekaribiana, yawezekana kukisia mtaa aliopo mwenye simu. Ziwani, ambako hakuna mnara uliosimikwa majini, makisio hupanuka yakawa ya kilomita kadhaa.

Mnara pia hukisia umbali kwa kupima muda ambao mawimbi ya redio huchukua kwenda na kurudi. Katika mitambo ya kizazi cha pili, ambayo hutumiwa na simu nyingi ndogo, umbali huo hupimwa kwa hatua za takriban mita 550, na hatua zote huishia karibu kilomita 35. Hiyo ni mojawapo ya sababu zinazofanya simu ya mvuvi aliyekwenda mbali sana na ufuo ikatike, ingawa mbele yake hakuna kilima wala jengo.

Njia hii haina swichi katika mipangilio ya simu. Mtu anaweza kuzima huduma ya mahali asubuhi hadi jioni, na mnara bado ukawa na habari zake. La kufanya ni kuzima simu kabisa au kuiweka katika hali ya ndegeni, na hapo yeye pia hawezi kupatikana.

Setilaiti haikuoni

Njia ya pili ndiyo inayoeleweka vibaya zaidi. Wengi huamini kuwa kuna setilaiti angani inayomtazama mtu na kumfuata kila aendako.

Ukweli ni kwamba setilaiti za mfumo wa GPS, unaoendeshwa na Marekani, huizunguka dunia zikiwa kimo cha takriban kilomita 20,000, na kazi yao ni kutangaza tu, mithili ya kituo cha redio. Kila moja hubeba saa sahihi mno, na hutangaza muda pamoja na mahali ilipo.

Simu husikiliza. Ikisikia setilaiti nne au zaidi, hulinganisha tofauti ndogo za muda na kupiga hesabu ya mahali ilipo. Mawimbi ya redio husafiri karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, hivyo kosa la sehemu moja ya milioni ya sekunde huwa kosa la mita 300.

Setilaiti hizo hazipokei chochote kutoka kwa simu yako, wala hazijui kama ipo. Anayejua ni simu yenyewe. Hili ni jambo la manufaa makubwa kwa mvuvi, kwani anaweza kujua alipo bila salio, bila bando la intaneti na bila mnara, mradi simu iwe na chaji na anga iwe wazi juu yake.

Jibu la simu huja kwa nambari mbili. Ya kwanza hueleza umbali kutoka Ikweta, na ya pili umbali wa kwenda mashariki au magharibi. Kisumu, kwa mfano, iko takriban digrii 0.1 kusini mwa Ikweta na digrii 34.8 mashariki.

Karibu na Ikweta, digrii moja ni kama kilomita 111. Kwa hiyo, nambari yenye tarakimu nne baada ya nukta hutaja mahali kwa usahihi wa mita 11 hivi. Nahodha ambaye injini yake imezimika, au ambaye mashua yake imenaswa na gugumaji, akiweza kuwasomea waokoaji nambari hizo mbili, hawatahitaji kulipekua ziwa zima.

Programu ndizo zinazosema

Hatari basi haianzii angani. Huanza pale simu inapokwisha kujua ilipo, kisha programu fulani ikaichukua habari hiyo na kuipeleka kwingine kupitia intaneti. Waswahili husema siri ya mtungi aijuaye kata, na katika maisha ya leo simu ndiyo kata.

Programu ya ramani au ya kuitisha teksi inahitaji kujua ulipo ili ifanye kazi. Lakini programu ya tochi au ya mchezo inapoomba ruhusa hiyo hiyo, yafaa mwenye simu ajiulize inaitakia nini.

Baadhi ya programu za bure hupata fedha kutokana na matangazo, na habari za mahali huuzwa kwa wafanyabiashara wa data ambao mwenye simu hajawahi kuwasikia. Mnamo Desemba 2019, gazeti la New York Times lilieleza jinsi lilivyopata faili iliyokuwa na alama zaidi ya bilioni 50 za mahali, kutoka kwa simu za Wamarekani zaidi ya milioni 12.

Kampuni kubwa pia zimejikuta mashakani. Mnamo Novemba 2022, Google ilikubali kulipa dola milioni 391.5 ili kumaliza uchunguzi wa majimbo 40 ya Marekani, yaliyodai kuwa iliendelea kukusanya habari za mahali baada ya watumiaji kudhani wameizima huduma hiyo.

Picha nayo hubeba siri. Kamera ya simu ikiwa imeruhusiwa, huandika ndani ya faili ya picha mahali na saa ilipopigwa. Nahodha aliyepiga picha ya mbuta mkubwa palepale alipomvua, kisha akaituma kwa mtu kama faili kamili, huenda amemkabidhi pia njia ya kufika kwenye nyavu zake.

Watu wengine hujifariji kuwa data zinazouzwa hazina majina. Mnamo 2013, watafiti wakiongozwa na Yves-Alexandre de Montjoye walichapisha matokeo ya uchunguzi wa kumbukumbu za simu za watu milioni 1.5 zilizokusanywa kwa miezi 15. Waligundua kuwa alama nne tu za mahali na saa zilitosha kuwatofautisha watu 95 katika kila 100 na wengine wote.

Sababu si ngumu kuona. Mfikirie mchuuzi wa samaki ambaye huwa Dunga saa kumi na moja alfajiri, soko la Kibuye saa tatu asubuhi, kanisa fulani Jumapili na nyumba fulani usiku. Wengi huwa Dunga, na wengi huwa Kibuye. Lakini anayepitia sehemu zote nne kwa saa hizo huenda akawa yeye peke yake.

Aidha, mahali hufichua mambo mengine. Anayeonekana katika kliniki ile ile kila mwezi hana haja ya kuulizwa maradhi yake.

Anayefuatilia huenda yuko karibu

Mfuatiliaji si lazima awe kampuni ya ng'ambo. Anaweza kuwa mtu wa nyumbani anayeijua nambari ya siri ya simu yako.

WhatsApp ilianzisha mwaka wa 2017 huduma ya kumwonyesha mtu mahali ulipo moja kwa moja, kwa dakika 15, saa moja au saa nane, kisha hujikatiza yenyewe. Kwa mvuvi anayeondoka jioni, saa nane huenda zisitoshe kumfikisha alfajiri. Programu nyingine huruhusu kuonyeshana bila kikomo, na mtu aliyekubali siku moja anaweza kusahau kuwa bado anaonekana miezi mingi baadaye.

Kuna pia programu za siri ambazo mtu huziweka ndani ya simu ya mwenzake bila idhini yake. Kwa mwanamke anayetoroka ndoa ya kipigo, hilo ni suala la uhai. Washauri wa waathiriwa wa dhuluma za kinyumbani huonya kuwa kuifuta programu kama hiyo ghafla kunaweza kumgutusha mtesi, na kwamba ni salama zaidi kutafuta msaada kwanza kupitia simu ya mtu mwingine anayeaminika.

Kazini nako kuna mvutano. Mwenye mashua ana sababu nzuri ya kutaka kujua chombo chake kiko wapi, hasa akikumbuka wezi wa injini. Lakini kifaa cha kufuatilia kikifungwa kwenye mashua, hufuatilia mashua. Kikiwekwa katika simu ya kibarua, humfuata hadi nyumbani, hospitalini na kwenye mkutano wa kudai malipo bora.

Serikali ina sababu zake pia. Habari za minara zimewasaidia polisi kuwanasa watekaji nyara na wezi. Swali ni nani anayewaruhusu. Ripoti ya shirika la Privacy International la Uingereza, iliyotolewa Machi 2017, ilidai kuwa maafisa wa usalama nchini Kenya walikuwa wakipata habari za wateja kutoka kwa kampuni za simu bila kufuata utaratibu wa kisheria.

Oktoba 2024, gazeti la Daily Nation lilichapisha uchunguzi uliotoa madai ya aina hiyo kuhusu Safaricom. Kampuni hiyo ilikanusha, ikisema hutoa habari za wateja inapotakiwa kisheria, kwa amri ya mahakama.

Sheria yasemaje?

Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 humpa kila mtu haki ya faragha, ikiwemo haki ya kutoingiliwa mawasiliano yake na kutotakiwa kufichua habari za familia au mambo yake ya binafsi bila sababu ya lazima.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, iliyotiwa saini Novemba mwaka huo, ilitaja waziwazi data za mahali miongoni mwa mambo yanayoweza kumtambulisha mtu. Kwa hivyo, anayezikusanya anapaswa kumweleza mhusika anazitakia nini, na kutozitumia kwa jambo jingine.

Sheria hiyo humpa mwananchi haki ya kuuliza data gani zake zimehifadhiwa, kutaka zirekebishwe zikiwa na makosa, kupinga matumizi yake na kudai zifutwe zikiwa hazistahili kuwekwa. Ilianzisha pia ofisi ya Kamishna wa Data, na Immaculate Kassait akaapishwa Novemba 2020 kuwa kamishna wa kwanza.

Ofisi hiyo imeonyesha kuwa ina meno. Septemba 2023 iliitoza faini ya Sh2,975,000 kampuni ya mikopo ya simu ya Mulla Pride, kwa kutumia majina na nambari zilizopatikana kwa watu wengine kutuma vitisho. Kesi hiyo ilihusu nambari za simu, wala si mahali, lakini ilidhihirisha kuwa malalamiko ya mwananchi wa kawaida husikizwa. Kisheria, lalamiko linafaa kuchunguzwa na kukamilishwa katika siku 90.

Hata hivyo, kuna mianya. Sheria hiyo haigusi matumizi ya kibinafsi au ya nyumbani tu, na huacha nafasi kwa masuala ya usalama wa taifa. Mwenye kuingilia simu ya mwenzake kisiri anaweza kukabiliwa kupitia Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni ya 2018, inayoharamisha kuingia bila idhini katika kifaa cha mwingine. Nayo Sheria ya Huduma ya Taifa ya Ujasusi ya 2012 huitaka idara hiyo kupata kibali cha jaji wa Mahakama Kuu kabla ya kuingilia faragha ya mtu.

Mambo ya kufanya

Hatua ya kwanza ni kufungua sehemu ya mipangilio ya simu, kisha mahali, na kusoma orodha ya programu zilizopewa ruhusa. Katika simu nyingi za kisasa, kila programu inaweza kuruhusiwa wakati wote, wakati inapotumika tu, au isiruhusiwe kabisa. Ni chache mno zinazostahili ruhusa ya wakati wote.

Pili, simu zinazotumia Android toleo la 12 na baada yake, na zile za iPhone tangu toleo la 14, humwezesha mwenyewe kutoa mahali pa makisio badala ya mahali kamili. Programu ya hali ya hewa haihitaji kujua nyumba yako. Inatosha ijue uko Kisumu.

Tatu, izuie kamera kuandika mahali ndani ya picha, hasa kwa anayependa kuonyesha samaki wake.

Nne, kagua mara kwa mara ni nani unayemwonyesha mahali ulipo, na ubadilishe nambari ya siri ya simu ikiwa inajulikana na wengine.

Tano, na hili ni kwa wanaokwenda majini, usiizime huduma ya mahali kwa kuogopa yaliyoelezwa hapa. Chagua mtu mmoja unayemwamini, mwonyeshe safari yako kwa saa zinazohitajika, mwambie pia kwa mdomo unakoelekea na saa ya kurudi, na ujifunze kusoma zile nambari mbili kabla ya siku ya dhiki. Simu huingia maji na chaji huisha, hivyo jaketi la kujiokoa lisiachwe ufuoni kwa sababu kuna simu mfukoni.

Vikundi vya usimamizi wa fuo, vilivyowekwa chini ya kanuni za 2007 na ambavyo Dunga pia inacho, vingeweza kuongoza katika jambo hili. Vina orodha za mashua na wavuvi. Vikikubaliana ni nani ufuoni anayepokea habari za mashua zilizoko majini, na kwamba habari hizo zitafutwa mashua zikirejea, mvuvi atapata ulinzi bila kuuza siri yake.

Mashua ya mwisho ikishafungwa na samaki kupimwa, safari huwa imekwisha, na haja ya kumfuatilia nahodha huwa imekwisha pia. Anapopanda njia kuelekea nyumbani, yafaa nukta ile iwe imezimika, isipokuwa yeye mwenyewe ameamua iendelee kuwaka.